Mgonjwa Aliyepelekwa Wright

Soma: Wagalatia 6:1-5, Yakobo 5:13-16

Kwa wengi wetu James White ni jina la mwanzilishi: mtu aliyetoa gazeti letu la kwanza mwaka 1849, mwenyekiti wa Konferensi Kuu kwa vipindi vitatu, mume wa Ellen White. Juma hili tumtazame akiwa mgonjwa, maana wakati huo yeye alilihitaji kanisa kuliko kanisa lilivyomhitaji yeye.

Alizaliwa Palmyra, jimbo la Maine nchini Marekani, tarehe 4 Agosti 1821. Utotoni alikuwa dhaifu na macho yake yalikuwa mabovu, hata akaanza masomo ya maana akiwa na umri wa miaka 19. Alimwoa Ellen Harmon mwaka 1846, nao hawakuwa na kitu. Mwaka 1848 alikata majani ya mifugo mashambani kwa kibarua ili apate nauli ya kwenda mikutanoni. Familia ya Albert Belden, huko Rocky Hill, Connecticut, iliwapa vyumba vya kuishi, na wakiwa katika nyumba hiyo ndipo gazeti lilipoanza. Basi hata kazi ya uchapaji tunayojivunia leo ilizaliwa chini ya paa la watu wengine.

Mei 1865 alichaguliwa mwenyekiti. Alfajiri ya tarehe 16 Agosti mwaka huohuo, akitembea na mkewe katika shamba la mahindi huko Battle Creek, mkono wake wa kuume ulianguka ghafla bila nguvu. Kilikuwa kiharusi. Alikuwa na miaka 44, na kwa miaka mingi alikuwa amefanya kazi ya watu watatu.

Alipelekwa kwenye nyumba ya tiba ya Dansville, New York. Huko walimshauri apumzike kabisa na aache kufikiri mambo mazito ya dini. Ellen alikaa naye kama miezi mitatu, akaona mumewe anazidi kuzama katika hofu na huzuni, akamwondoa. Huko Rochester ndugu waliacha shughuli zao wakaja kuomba pamoja nao. Kisha wakarudi nyumbani, na mwaka mzima wa 1866 ukapita bila nafuu kubwa.

Wale wanaotembelea wagonjwa kanisani wanaujua mwaka wa namna hiyo. Juma la kwanza nyumba hujaa, na akina mama wa Dorkasi huleta uji na kufua. Mwezi wa sita wageni wamebaki wawili. Mwaka ukiisha, watu huanza kumjadili mgonjwa na anayemuuguza badala ya kuwaombea. Ellen White aliyaonja hayo. Alipoazimu kumtoa mumewe katika kukaa bure na kumrudisha kidogo kidogo kwenye kazi ya injili, jamaa na marafiki walimwona kama mtu anayetaka kumwua.

Tarehe 19 Desemba 1866, theluji ikianguka, alimchukua wakaenda Wright, jimbo la Michigan, safari ya maili 90. Kanisa la Wright halikuwa mashuhuri. Lakini Ndugu Root na nyumba yake waliwapokea wageni hao waliochoka, wakawatunza kama wazazi wanavyotunza watoto wao wagonjwa. Hapo James alianza tena kusimama mbele ya watu. Alihubiri kifupi, mkewe akahubiri kwa urefu, na washiriki hawakudai zaidi. Alipata nguvu kwa watu waliomruhusu awe dhaifu.

Machi 1867 walirudi Battle Creek wakiwa na furaha, wakitumaini kushangiliwa. Kanisa lao lenyewe liliwapokea kwa ubaridi. Maneno ya pembeni yalikuwa yametangulia mbele yao, na walijiona wageni nyumbani kwao. Ni haki kusema kwamba Oktoba mwaka huo kanisa hilo lilikiri kosa lake kwa maandishi. Makanisa mangapi yamewahi kufanya hivyo? Jadilini darasani: kuna mshiriki gani ambaye kanisa letu linapaswa kumwendea kwa namna hiyo?

Kabla ya maungamo hayo, walikuwa wamehamia shamba dogo huko Greenville, Michigan. Majani ya mifugo yalipokuwa yamekatwa, James alipanga kuwaomba majirani waje kuyakusanya. Ellen alimtangulia. Aliwazungukia mmoja mmoja, akawasihi wakatae, waseme wana kazi zao, kwa sababu mumewe alihitaji kutumia mikono yake. Hawakupenda. Jirani mwema haoni raha kumnyima mgonjwa msaada. Hata hivyo walikubali, na James alipobisha hodi kila mmoja alisema hana nafasi. Alirudi amevunjika moyo. Ndipo mkewe akamwambia kwamba wangeifanya wenyewe: yeye na mtoto wao Willie wangekusanya majani na kuyapandisha garini, naye James angeyapanga na kuwaongoza farasi. Walipofika penye lundo, Ellen akapanda juu kulijenga, na James akamrushia majani kutoka chini.

Majirani waliopita njiani walimwona mama huyo juu ya lundo, wakastaajabu. Baadaye James aliongoza Konferensi Kuu tena kwa miaka kadhaa, akafa tarehe 6 Agosti 1881.