Louis Armstrong: Tuzo ya Uzeeni na Mizani ya Umma

Kila mwaka zitolewapo tuzo za muziki za Grammy huko Marekani, jambo la kwanza linalotangazwa ulimwenguni ni umri wa washindi. Mwaka 2020 ilitangazwa habari ya Billie Eilish, aliyetwaa tuzo ya albamu bora ya mwaka akiwa na miaka 18. Mwaka 2021 ikawa zamu ya Blue Ivy Carter, binti yake Beyoncé, aliyepata tuzo yake akiwa na miaka 9 tu. Vijana wetu wenye vipaji husoma habari hizo, na baadhi yao hujiona wamekwisha kuchelewa hata kabla hawajaanza. Kwa ajili yao tumeonelea vyema leo tukumbushane maisha ya mtu aliyeweka rekodi ya upande wa pili, yaani ya uzee: mpiga tarumbeta Louis Armstrong.

Armstrong alizaliwa tarehe 4 Agosti, 1901, katika mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani, katika mtaa wa makabwela. Baba yake aliitupa familia, naye akalelewa na bibi yake na baadaye mama yake. Angali mtoto mdogo alifanya kazi ya kuuza makaa na kukusanya vyuma chakavu pamoja na familia moja ya Kiyahudi, nayo ndiyo iliyomkopesha fedha za kununulia tarumbeta lake la kwanza. Usiku wa kuamkia mwaka 1913 alifyatua bastola hewani kwa kushangilia mwaka mpya, akakamatwa na polisi na kupelekwa katika nyumba ya adabu ya watoto weusi. Humo mwalimu Peter Davis akamfundisha muziki. Mahali palipokusudiwa kuwa adhabu pakawa chuo.

Mwaka 1922 mkubwa wake katika fani, Joe Oliver, alimwita Chicago. Kati ya mwaka 1925 na 1928 Armstrong alirekodi santuri ambazo wataalamu hadi leo wanazihesabu kuwa msingi wa muziki wa jazi. Kabla yake, wapigaji wa New Orleans walipiga zaidi kwa pamoja. Yeye akaonyesha jinsi mpigaji mmoja awezavyo kujitokeza mbele ya wenzake, akausimulia wimbo kwa namna yake, kisha akarudi safuni bila kuvunja umoja wao. Alipopiga “West End Blues” mwezi wa Juni, 1928, alikuwa hajatimiza miaka 27.

Lakini kwa kazi hiyo kubwa hakupewa Grammy yoyote, kwa sababu tuzo hizo zilianza kutolewa mwaka 1959. Yake ilikuja mwaka 1965, alipokuwa na miaka 63, kwa wimbo wa mchezo wa kuigiza uitwao “Hello, Dolly!”. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Marekani tarehe 9 Mei, 1964, na kuwaondoa vijana wa Kiingereza, The Beatles, waliokuwa wameikalia nafasi hiyo kwa wiki 14 mfululizo. Armstrong akawa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kufika hapo. Rekodi yake ilidumu karibu miaka 60, mpaka Desemba 2023 alipoivunja Brenda Lee akiwa na miaka 78.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa katika vitabu vya rekodi. Umma nao una mizani yake, nayo haiulizi mtu alishinda akiwa na miaka mingapi, bali sauti yake ilisimama upande gani.

Kwa miaka mingi baadhi ya vijana weusi wa Marekani walimwona Armstrong kuwa mtu wa kuwachekea wazungu, na neno kibaraka halikuwa mbali na midomo yao. Sisi tunasema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka 1956 jimbo alikozaliwa lilipopitisha sheria ya kuwakataza weusi na weupe kupiga muziki pamoja, Armstrong, ambaye bendi yake ilikuwa na watu wa rangi zote mbili, aliacha kupiga katika mji wake mwenyewe. Hakurudi kupiga huko mpaka mwaka 1965, sheria hizo zilipokuwa zimekwisha kuanguka. Mwezi wa Mei mwaka huo huo wa 1956 alifika Accra, Ghana ikiwa ingali koloni, akapiga mbele ya Kwame Nkrumah wimbo juu ya mateso ya mtu anayehukumiwa kwa rangi yake.

Mwezi wa Septemba, 1957, Gavana wa Arkansas aliwatumia askari kuwazuia watoto tisa weusi wasiingie shuleni katika mji wa Little Rock. Armstrong alimlaani gavana huyo hadharani, akamlaumu Rais Eisenhower kwa kulegea, na akakataa safari ya kwenda Urusi kuipamba serikali yake. Wako waliomgomea na kuziondoa santuri zake hewani. Siku chache baadaye Eisenhower alipeleka majeshi kuwalinda watoto wale. Hatusemi kwamba ni tarumbeta peke yake lililomsukuma Rais. Tunasema kwamba mtu aliyekuwa na mengi ya kupoteza hakunyamaza.

Hata hivyo, mizani ina pande mbili. Mwaka 1960 Armstrong alikubali kuzunguka Afrika kwa udhamini wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani na kampuni ya Pepsi-Cola. Mwishoni mwa Oktoba alifika Leopoldville, Kongo, na umati ukambeba juu ya kiti kwa shangwe. Katika mji huo huo Patrice Lumumba, Waziri Mkuu aliyechaguliwa na wananchi, alikuwa amefungiwa nyumbani, askari wa Mobutu wakiizingira nyumba yake. Mwezi uliofuata Armstrong alipiga Elisabethville, makao ya Tshombe aliyeitenga Katanga. Haikupita miezi mitatu, tarehe 17 Januari, 1961, Lumumba akauawa karibu na mji huo huo pamoja na wenzake Mpolo na Okito.

Hatudai kwamba Armstrong alijua yaliyokuwa yakipikwa. Alikwenda kuwaburudisha watu waliompenda, na furaha yao ilikuwa ya kweli. Lakini waliomlipia nauli walikuwa na hesabu zao, na tabasamu lake liliwafaa. Mtu aliyekataa kupeleka tarumbeta lake Urusi kwa niaba ya serikali iliyowadhulumu ndugu zake, miaka mitatu baadaye alikubali kulileta Kongo kwa niaba ya serikali ile ile. Hilo linatuhuzunisha, nasi hatuwezi kulificha kwa sababu tu tunampenda.

Armstrong alifariki tarehe 6 Julai, 1971, nyumbani kwake Queens, New York, katika mtaa wa watu wa kawaida alioukalia tangu mwaka 1943 ingawa alikuwa na uwezo wa kuhamia penye fahari. Mwaka 1972 alipewa Grammy ya heshima ya maisha, akiwa tayari kaburini.

Vijana wetu wajifunze mambo mawili. Kwanza, wasiishi kwa kuhesabu miaka: kazi iliyombakisha Armstrong katika historia aliifanya zaidi ya miaka 30 kabla ya tuzo kuwapo, na tuzo ilipokuja ilikuja kwa wimbo mwepesi kuliko hiyo. Pili, anayealikwa kuimba aulize kwanza ni nani anayelipa, na katika mji ule anaokwenda ni nani aliyefungiwa mlango. Swali hilo halipunguzi utamu wa muziki. Laiti mtu mmoja angalimwuliza Armstrong alipokuwa akipanda ndege ya kwenda Leopoldville.