Ludwig Krapf: Mtumishi Aliyezika Mke na Watoto

Jumapili iliyopita nilianza kuwaeleza habari za Ludwig Krapf, lakini wageni walikuwa wengi na mchango wa paa ukatumia muda wangu. Naandika hapa yale niliyoyaruka, pamoja na jambo moja ambalo sikuwa na ujasiri wa kulisema mimbarini.

Miezi michache iliyopita nilisimama kwenye mazishi ya mtoto wa miaka minne, upande wa Bomet. Homa, siku tatu, basi. Mimi kama pasta msaidizi nilipewa dakika kumi. Nikasema Mungu alikuwa anahitaji ua zuri kwa bustani yake. Nikaongeza kwamba huenda kwa kifo hiki boma lote lingeokoka. Watu wakasema amina. Mama ya mtoto aliniangalia tu. Baadaye, tukinawa mikono ili tule, akaniuliza kwa sauti ya chini: kama Mungu anataka ua, kwani hawezi kujiotesha la kwake? Sikuwa na jibu. Nilikula haraka nikaondoka.

Ndio nikarudi kumsoma Krapf. Wengi tunamjua kutoka shule ya msingi: Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Ukambani. (Wakamba waliokuwa wakiuona kila asubuhi sijui walikuwa wamefumba macho, lakini hiyo tuiache.) Mtihani ukiisha tunamsahau. Mimi nilitaka kujua yaliyotangulia mlima.

Alizaliwa 11 Januari 1810 Derendingen, kijiji cha wakulima karibu na Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Akiwa mvulana wa miaka kama 11 hivi, jirani alimpiga vibaya sana kwa kosa ambalo hakulifanya. Alilala mgonjwa karibu nusu mwaka, na kitandani hapo ndipo alipoanza kusoma Biblia kwa bidii. Ningekuwa nahubiri kama zamani, ningesema Mungu alimtumia jirani. Siku hizi nasema jirani alitenda dhambi, na Mungu hakumwacha mtoto.

Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, yaani CMS, kilimpeleka Ethiopia mwaka 1837. Adwa walimfukuza. Akaenda Shoa, akakaa kwa Mfalme Sahle Selassie, na mwaka 1842 akatoka kwenda Misri kumwoa Rosine Dietrich, binti aliyetoka Basel. Walipojaribu kurudi ndani ya nchi, njia zilikuwa zimefungwa. Wakiwa jangwani, Rosine akajifungua kabla ya wakati. Walimwita mtoto Eneba, maana yake chozi. Aliishi saa chache. Wakamzika, na kwa sababu ngamia na wenyeji wao hawangengoja, mama akaondoka na msafara hali bado hajapata nafuu.

Hebu simama hapo kidogo. Hawa hawakuwa watu wa imani ndogo. Nalisema hili kwa sababu sisi Wapentekoste tuna ugonjwa wetu: mtu asipopona, tunatafuta kosa lake. Hakuamini vya kutosha, kuna laana ya ukoo, kuna fungu la kumi ambalo hakutoa. Marafiki wa Ayubu wangejisikia nyumbani kabisa katika baadhi ya mikesha yetu. Basi mwulize huyo mama wa jangwani ni imani gani ilikosekana.

Januari 1844 walifika Zanzibar. Sultani Seyyid Said akampa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, na Mei wakahamia Mombasa. Krapf hakupoteza siku. Mwezi Juni, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, alianza kukiweka kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Nilipogundua tarehe hiyo nilishtuka. Ina maana kalamu yake ilikuwa bado kwenye kurasa zile ambapo Mungu anaumba kila kitu na kukiona ni chema, kisha kifo kinaingia kama mwizi, wakati homa ilipoingia nyumbani kwake.

Julai Rosine akajifungua tena, binti. Homa ikampata mama, na Krapf mwenyewe alikuwa amelala akitetemeka, hawezi kumuuguza. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine akafa. Alikuwa ameomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, kando ya njia, ili wapitao wajue kwa nini alikuja. Siku chache tu baadaye mtoto naye akafa, akazikwa karibu na mama yake. Sehemu hiyo leo ni Nyali. Ukienda Mombasa kwa semina, kaburi unaweza kulifikia na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Tangu wafike Mombasa, haikuwa imepita hata miezi mitatu.

Sasa, Krapf aliandikia chama chake London kwamba kaburi hilo pweke ni alama: vita vimeanza katika pwani hii, na kanisa husonga mbele likipita juu ya makaburi ya watu wake, basi tumeni watu zaidi. Hii barua wahubiri wanaipenda sana. Mimi pia niliipenda. Nilisomea biashara, na mtu wa hesabu hupenda kuona upande huu na upande ule vikilingana: hapa hasara ya mke na watoto wawili, hapa faida ya Injili Afrika Mashariki, piga mstari, funga daftari. Mungu anaonekana mfanyabiashara mwerevu.

Lakini fuatilieni hesabu yenyewe. Mwenzake Johannes Rebmann alifika 1846, na siku walipohamia Rabai kuanza kituo wote wawili walikuwa na homa. Mwongofu wa kwanza, Mringe, mtu mlemavu na maskini, alibatizwa akiwa anakaribia kufa. Mwaka 1849 alikuja kijana Wagner, akafa kwa homa baada ya wiki chache. Mwaka 1851 Pfefferle vilevile. Mwaka huo huo Krapf alisafiri na Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa Ukambani, kuelekea mto Tana. Wakavamiwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake porini, amebeba maji ndani ya mtutu wa bunduki kwa kukosa chombo. Mwaka 1853 afya ilimshinda akarudi Ulaya. Waumini wa Rabai wakati huo ungewahesabu kwa vidole na vidole vibaki. Rebmann alikaa miaka 29, akamzika mtoto wake mchanga, halafu mkewe Emma mwaka 1866, akapofuka, akarudishwa kwao 1875, mwaka uliofuata akafa.

Na sisi huku kwenye majani chai? Injili haikutufikia kutoka Rabai. Ilikuja kwa watu wengine na njia nyingine, miaka kama 60 baada ya kaburi la Rosine. Ukinipa daftari hilo nikague, sitaweka sahihi. Haliko sawa, na nadhani halikukusudiwa kuwa sawa. Mtoto si mtaji. Baba yetu hatoi watoto ili anunue makanisa. Mwana mmoja alitolewa, na huyo alijitoa mwenyewe kwa hiari.

Ndiyo, Krapf alisoma maana katika kaburi lile, nami simpingi. Lakini angalieni lilikuwa kaburi la nani. Aliyasema yale akiwa na homa mwilini, juu ya mke wake na binti yake. Mtu akisema hivyo juu ya msiba wake, hiyo ni sadaka. Mimi niliyasema juu ya mtoto wa mwenzangu, nimevaa tai, huku nikiangalia saa. Kitendo hicho hakiwezi kuitwa kwa jina lile lile.

Jioni ya 30 Juni 2023, lori lilipoacha njia pale Londiani Junction na kuua watu zaidi ya 50, wauzaji wa kando ya barabara na waliokuwa wakingoja magari, tulisikia kila aina ya maelezo. Mungu amewaita. Ni ishara ya nyakati. Kabla yake, Oktoba 2018, basi lilianguka Fort Ternan na zaidi ya 50 wakafa. Maelezo yakawa yale yale. Ati mpango wa Mungu. Wapendwa, Maandiko yanasema kwamba katika mambo yote Mungu hufanya kazi kuwapatia mema wampendao. Hayasemi kwamba yeye ndiye aliyekaa kwenye usukani wa lori. Kifo Paulo anakiita adui, tena adui wa mwisho. Mwenye shamba hamwajiri mwizi kuwa mtunza bustani. Na pale kwa Lazaro, Yesu alijua kwamba baada ya dakika chache angemfufua, lakini alilia. Kama kifo kingekuwa ni Mungu kuchuma maua, Yesu angekuwa anamlilia nani?

Najua swali linalobaki: mbona basi hakizuii, na anaweza? Nimelizungusha miezi hii yote. Ayubu hakuelezwa sababu. Alitokewa na Mungu mwenyewe. Msalabani Mwana aliuliza kwa nini, kwa sauti kubwa, na saa ile hakujibiwa. Kwa hiyo ukiuliza kwa nini hujatenda dhambi, umeuliza swali la Yesu. Na ninaamini asubuhi ya Jumapili ilijibu kitu, ijapokuwa si kila kitu. Hapo ndipo nimesimama. Mwenye jibu refu zaidi ya hilo aje ofisini, nitasikiliza, lakini asilibebe kwenye mazishi.

Sasa lile nililoogopa kulisema. Siku za Krapf watu waliamini homa ya pwani inaletwa na hewa mbaya ya vinamasi. Wengi hawakumshuku mbu. Ilikuwa mwaka 1897 ndipo Ronald Ross, akiwa India, alipoona vimelea vya malaria ndani ya mbu, na Krapf alikuwa kaburini miaka 16. Krapf aliomba akiwa hajui. Mimi najua. Yule mtoto alipopata homa siku ya kwanza, mimi ndiye niliyeitwa. Nikaenda, nikaweka mikono, nikakemea, nikanywa chai, nikaenda zangu. Sikuuliza kama amepimwa. Sikusema mpeleke hospitali. Walinielewa kwamba maombi yametosha, na mimi sikuwasahihisha. Walimpeleka siku ya tatu.

Sijui kama siku mbili zile zingebadilisha kitu. Lakini niliposimama kwenye mazishi kusema Mungu alihitaji ua, nilikuwa namtwika Mungu mzigo ambao sehemu yake ilikuwa yangu. Ni rahisi sana kusema mpango wa Mungu wakati hutaki mtu aulize mpango wako ulikuwa gani. Nimemweleza pasta mkuu. Tumekubaliana kwamba yeyote kati yetu akiitwa kumwombea mgonjwa, swali la kwanza ni amepimwa, na gari la kanisa lipatikane hata usiku.

Krapf aliishi muda mrefu baada ya Mombasa. Alikaa Korntal, akaoa tena, akafiwa tena na mke mwaka 1868, akaoa mara ya tatu. Alirudi pwani mara moja, mwaka 1862, kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi kule Ribe. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London 1882, wakati mwenyewe ameshaondoka: Novemba 1881 walimkuta asubuhi amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekufa akiomba. Miaka 37 tangu Julai ile.

Wiki mbili zilizopita nilirudi kwa yule mama. Nilimkuta ametoka kuchuma majani, vidole bado vyeusi kwa utomvu. Akanikaribisha, akaweka chai. Nikamwomba msamaha kwa habari ya ua, kisha kwa siku zile mbili. Hilo la pili lilichukua muda kutoka. Hakuniambia ni sawa, na sikutarajia aseme. Alichochea moto. Baadaye akauliza nilikuwa nimesoma nini hata nikarudi, nami nikamwambia habari za Rosine na mtoto wa jangwani. Akataka kujua mtoto aliitwa nani. Nikasema Eneba, chozi. Akalirudia jina hilo mara mbili, polepole, kama mtu anayejifunza.

Halafu akaniambia jina la mtoto wake, lile la nyumbani, ambalo halikuwa kwenye programu ya mazishi. Akaniuliza kama Ijumaa kwenye maombi, tukiiombea familia yao, naweza kulitaja. Ijumaa hiyo nilianza nalo.