Muyaka bin Haji na Kumbukumbu ya Mwanafunzi

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776, akafariki yapata mwaka 1840. Aliishi katika enzi ya Wamazrui, watawala wa mji huo waliopingana na Sayyid Said wa Omani hadi utawala wao ulipoanguka mwaka 1837. Muyaka alikuwa mtetezi wao, akajibizana kwa mashairi na malenga wa upande wa pili, hasa wa Lamu. Tungo zake zaonyesha mtu aliyeonja neema na dhiki pia.

Kabla yake ushairi wa pwani ulioandikwa ulikuwa, kwa sehemu kubwa, wa mambo ya dini. Muyaka aliutoa msikitini akaufikisha sokoni. Alitumia beti za mistari minne, kila mstari mizani kumi na sita, akazungumzia vita, mapenzi, njaa, ubahili na mambo ya nyumbani. Fikra nzito hakuziacha zielee hewani. Alizivika sura ya kitu kinachoonekana, na mara nyingi akazifumba kwa mafumbo.

Alipokufa hakuacha kitabu kilichopigwa chapa. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, alizikusanya tungo hizo zilizokuwa zimebaki katika kumbukumbu za watu, akamsaidia mmisionari W. E. Taylor kuzihifadhi. Mwaka 1940 William Hichens alizitoa katika diwani.

Ni nini kilichozishikilia tungo hizo vichwani muda wote huo? Vina na mizani vilisaidia, bila shaka. Lakini naamini taswira nazo zilifanya kazi kubwa: Mmombasa aliyesikia habari ya chombo, upepo au soko aliona mara moja kwa jicho la moyo kile alichokijua tangu utotoni.

Hapo ndipo penye funzo letu, na penye hatari. Nikikagua mazoezi ya kufundisha huko Shelui, nilimwona mwalimu mwanafunzi akifundisha utungo wa pwani wenye taswira ya chombo kilichopatwa na dhoruba. Watoto waliukariri vizuri. Kesho yake wengi hawakukumbuka maana yake, naye akawalaumu kuwa ni wazito. Hawakuwa wazito. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona bahari. Nilimshauri awaulize habari za lori lenye shehena likipanda Mlima Sekenke, dereva akihofia breki. Mikono iliinuka darasa zima. Kutoka kwenye lori walirudi kwenye chombo, wakaeleza wenyewe hofu ya nahodha.

Basi mwalimu asimpe mwanafunzi picha iliyokwisha tengenezwa. Amwombe aichore mwenyewe akilini, kutokana na mahali pake. Penye mambo ya kufuatana, kama vile hatua nne za jaribio la sayansi, na aifuate kwa mawazo njia ya kwenda shuleni: hatua ya kwanza aiweke mlangoni kwao, ya pili kisimani, ya tatu dukani, ya nne chini ya mti wa uwanjani. Kila hatua aipe sura ya ajabu kidogo, kisha afumbe macho aipitie njia hiyo mara kadhaa. Akitaka kukumbuka, na atembee tena.

Hata hivyo picha ni mtumishi wa maana, wala si badala yake. Mwanafunzi aulizwe pia kwa nini hatua ya pili yaifuata ya kwanza. Asipojua, amehifadhi njia tupu.

Muyaka hakuwa mwalimu wa chuo, wala hakuandika lolote juu ya mbinu za kufundisha. Lakini aliwasemesha watu wa Mombasa kwa vitu vya Mombasa, nao wakamkumbuka. Mtoto wa Shelui naye astahili kufundishwa kwa vitu vya Shelui, kabla hatujathubutu kusema kwamba hana kumbukumbu.