Louis Vuitton: Fundi wa masanduku aliyeandamwa na waigaji

MIKOBA yenye herufi L na V zilizopishana inajulikana katika miji mingi duniani, na mingi kati ya hiyo ni ya kuigiza. Lakini si wengi wanaofahamu kuwa mwenye jina hilo alikuwa fundi wa masanduku ya safari, na kwamba alifariki dunia kabla ya alama hiyo kubuniwa.

Louis Vuitton alizaliwa Agosti 4, 1821 katika kijiji cha Anchay, eneo la Jura, mashariki mwa Ufaransa. Mama yake alifariki dunia yeye akiwa bado mtoto. Mwaka 1835, akiwa na umri wa miaka 13, alitoroka nyumbani na kushika njia ya Paris kwa miguu, safari ya zaidi ya kilometa 400. Alifanya vibarua njiani ili apate riziki, na kuingia jijini humo mwaka 1837.

Huko alipokewa kama mwanagenzi na fundi Maréchal, aliyetengeneza masanduku na kufunga mizigo ya matajiri. Magauni ya enzi hizo yalikuwa mapana, na kuyapanga yasiharibike kulihitaji ujuzi. Sifa za kijana huyo zilifika ikulu, akateuliwa kufunga mizigo ya Malkia Eugénie, mke wa Mfalme Napoleon wa Tatu.

Mwaka 1854 alioa na kufungua duka lake. Masanduku ya wakati huo yalikuwa na vifuniko vya mgongo wa duara ili maji ya mvua yatiririke. Yalifaa juu ya magari ya farasi, lakini katika treni na meli hayakuweza kupangwa moja juu ya jingine. Mwaka 1858 Vuitton alileta sanduku la kifuniko bapa, lenye mbao nyepesi za mpopla, lililofunikwa kwa turubai la kijivu lisilopenyeza maji. Wateja walimiminika, na mwaka 1859 akahamishia karakana yake Asnières, nje kidogo ya Paris.

Vita ya Ufaransa na Prussia ya mwaka 1870 hadi 1871 ilimrudisha nyuma. Karakana iliporwa, zana zikatoweka na mafundi wakatawanyika. Akiwa na miaka 50 alianza upya.

Maadui wengine walikuwa waigaji. Aliwakimbia kwa turubai la mistari mwaka 1872, kisha la mirabaraba mwaka 1888, lililobeba jina lake kama alama iliyosajiliwa. Hawakukoma.

Alifariki dunia Februari 27, 1892 huko Asnières, akiwa na miaka 70. Mwanawe, Georges, ndiye aliyebuni alama ya L na V mwaka 1896 ili kuwakomesha waigaji hao. Zaidi ya karne moja baadaye, alama hiyo hiyo ni miongoni mwa zinazoigwa zaidi duniani.