Victor Hess: mkimbizi aliyeigundua mionzi ya anga za mbali

Wasomaji wetu wa ughaibuni, kila tunapopanda ndege kwenda likizo nyumbani, miili yetu hupitiwa na mionzi mingi kuliko tukiwa ardhini. Hatuihisi, na kwa safari ya saa chache si ya kutisha. Aliyeufumbua macho ulimwengu juu ya jambo hili ni Victor Franz Hess, Mwaustria aliyezaliwa tarehe 24 Juni 1883, mtoto wa bwana misitu.

Mwaka 1910 Hess alianza kazi katika Taasisi ya Radiamu mjini Vienna. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kuwa mionzi iliyomo hewani inatoka kwenye mawe na udongo. Kama ni hivyo, ukipanda juu ingepungua. Hess hakubishana na mtu, alikwenda kupima. Aprili 17, 1912 alipaa kwa puto wakati jua limepatwa, na mionzi haikupungua. Basi chanzo chake kikuu hakikuwa jua. Agosti 7 mwaka huo huo akapaa tena kutoka Bohemia, na wenzake wawili, hadi mita 5,350, na huko juu vipimo vyake vikaonyesha mionzi imezidi sana ile ya ardhini. Walitua Ujerumani, si mbali na Berlin. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1936, miaka 24 baadaye!

Katikati ya hapo mionzi ilimdai. Kati ya 1921 na 1923 alifanya utafiti New Jersey, Marekani, kwenye kampuni ya radiamu ambayo wasichana wake waliopaka rangi nyuso za saa walikuja kuoza mataya, na baadhi yao wakafa. Hess mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kushika radiamu, alikatwa kidole gumba mwaka 1934.

Kisha ikaja 1938. Manazi waliichukua Austria, na Hess, Mkatoliki mwenye mke wa asili ya Kiyahudi, akafukuzwa Chuo Kikuu cha Graz. Nobel haikumkinga. Walikimbilia Uswisi, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Fordham, New York, kikampa kazi. Alikuwa na umri wa miaka 55, akianza upya. Wako wasomaji wetu wanaoijua hali hiyo bila kuelezwa.

Ugenini ndiko alikozidi kuuliza mionzi hii inafanya nini ndani ya kiumbe hai. Mwaka 1949, yeye na Jakob Eugster wa Uswisi walichapisha kwa Kiingereza kitabu kizima juu ya suala hilo, wakati hakuna binadamu aliyekwishafika anga za juu. Wengine waliona ni udadisi tu. Wanaanga wa Apollo walipoanza kuona vimweko vya mwanga hata wakiwa wamefumba macho, chembe za mionzi zikipenya machoni, Hess alikuwa kaburini. Alifariki Mount Vernon, New York, tarehe 17 Desemba 1964.

Chombo cha Curiosity kilipokuwa njiani kwenda Mars, 2011 hadi 2012, kilipima takriban milisivati 1.8 kwa siku. Mtu anayeishi usawa wa bahari huhitaji zaidi ya miaka mitano kupata kiasi hicho kutoka angani.