Somerville: Admirali aliyelinda misafara ya meli kutoka Malta hadi Kilindini

MSAFIRI anayeteremka kutoka Nairobi kwenda Mombasa hupita Kambu, mji mdogo wa Makueni ulio kati ya Kibwezi na Mtito Andei. Ni vigumu kufikiri kwamba nyika hiyo tulivu iliwahi kuwa sehemu ya njia ya kuelekea vita vya mbali.

Lakini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, reli inayokatiza ukanda huo ndiyo iliyounganisha bara na bandari ya Kilindini. Hapo ndipo askari wa Afrika Mashariki, wakiwamo Wakamba waliosajiliwa kwa wingi katika jeshi la kikoloni, walipopanda meli kwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na hatimaye Burma.

Wakiwa baharini, usalama wao ulikuwa chini ya dhamana ya Admirali James Somerville, kamanda wa kikosi cha manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi.

Somerville alizaliwa Julai 17, 1882, Weybridge, kusini mwa Uingereza. Alijiunga na jeshi la wanamaji mwaka 1897 akiwa kijana mdogo, akabobea katika mawasiliano ya redio, na kupata nishani kwa kazi yake katika mapigano ya Gallipoli.

Mwaka 1939 alistaafishwa kwa sababu ya kifua kikuu. Vita vilipozuka mwaka huohuo aliitwa tena, na mwezi Juni 1940 akakabidhiwa kikosi kilichokuwa na makao yake Gibraltar, kwenye lango la Bahari ya Mediterania.

Amri yake ya kwanza kubwa ilikuwa chungu. Ufaransa ilikuwa imesalimu amri kwa Ujerumani, na London ilihofia manowari za Wafaransa zisije zikatumiwa na adui. Julai 3, 1940, Somerville aliagizwa kuzimaliza manowari hizo katika bandari ya Mers-el-Kebir, Algeria, iwapo wenyewe wangekataa masharti.

Yeye hakupenda kabisa hatua hiyo dhidi ya watu waliokuwa washirika wake wiki chache tu zilizotangulia. Mazungumzo yalichukua siku nzima bila mafanikio, na jioni mizinga ikanguruma. Wafaransa 1,297 walipoteza maisha.

Kazi iliyomjengea jina, hata hivyo, ilikuwa ya kuokoa. Kisiwa cha Malta kilikuwa kimezingirwa na ndege za Italia na Ujerumani, na chakula, mafuta na risasi vilifika hasa kwa misafara ya meli.

Septemba 1941 aliongoza msafara wa meli 9 za mizigo kuelekea kisiwani humo. Ulinzi wake ulikuwa mzito: manowari kubwa 3, manowari 1 ya kubebea ndege, 5 za ukubwa wa kati na 18 ndogo za kasi. Mchana wa Septemba 27 ndege za Italia zilishambulia, na topido moja ikaipiga Nelson, manowari aliyokuwamo Somerville mwenyewe. Msafara haukusimama.

Jioni ilipoingia, manowari kubwa ziligeuka kurudi magharibi, kwa kuwa mlango wa bahari kati ya Sicily na Tunisia ulikuwa mwembamba na wa hatari kwao. Msafara ukaachwa mikononi mwa Admirali Harold Burrough, aliyekuwa ndani ya manowari iliyobeba jina la koloni la Kenya.

Usiku huo ndege zilirudi. Ndege ya topido huruka chini, karibu na mawimbi. Gizani mpiga mzinga huona kivuli tu, tena kwa nukta chache, na kila risasi anayofyatua humwonyesha adui meli ilipo.

Wapiga mizinga walijitahidi, lakini topido ikaifikia meli ya mizigo Imperial Star. Manowari za ulinzi ziliwahamisha waliokuwamo, zikajaribu kuivuta, na iliposhindikana zikaizamisha zenyewe. Meli 8 kati ya 9 zilitia nanga Malta.

Mwezi Machi 1942 Somerville alihamishiwa Bahari ya Hindi. Siku chache baadaye, Aprili 5, ndege za Japani zilishambulia Colombo. Katika siku hizo Waingereza walipoteza manowari Dorsetshire, Cornwall na Hermes.

Akiwa na manowari kuukuu na ndege chache, Somerville aliamua kutozipoteza zote kwa siku moja. Aliondoa makao yake Ceylon na kuyaleta Kilindini. Mombasa ikawa kituo kikuu cha wanamaji, na shule ya Allidina Visram ikageuzwa kituo cha kufasiri mawasiliano ya siri ya Wajapani. Kikosi kilirejea Ceylon mwaka 1943.

Tatizo lililombana lilikuwa uhaba wa manowari ndogo za kulinda misafara, kwa kuwa Atlantiki na Mediterania zilipewa kipaumbele. Gharama yake ilionekana Februari 1944.

Mwezi huo msafara wa meli 5 ulitoka Kilindini kwenda Colombo. Katika meli ya Khedive Ismail walikuwamo askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, wauguzi na wanamaji. Februari 12, karibu na visiwa vya Maldives, walinzi wake walikuwa manowari 3 tu: Hawkins, Petard na Paladin.

Nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa topido 2, nayo ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Wengi hawakupata hata nafasi ya kufika sitahani.

Kisha ukaja uamuzi mgumu kuliko yote. Nyambizi ilidhaniwa kujificha chini ya mahali walipokuwa wakielea manusura, na meli 4 zilizobaki zilikuwa bado hatarini. Manowari ziliporomosha mabomu ya kulipukia chini ya maji, na baadhi ya waliokuwa wakiogelea wakafa. Baada ya mapambano marefu, Petard iliizamisha nyambizi hiyo.

Waliokufa walikuwa 1,297, idadi ileile inayotajwa kwa Mers-el-Kebir. Walionusurika walikuwa 214.

Somerville aliondoka Bahari ya Hindi Agosti 1944, akaiwakilisha Uingereza mjini Washington, na mwaka 1945 akapewa cheo cha juu kabisa cha wanamaji wa nchi yake. Alifariki dunia Machi 19, 1949, nyumbani kwake Dinder, Somerset.

Askari wa Khedive Ismail hawana makaburi. Wanakumbukwa kwenye mnara ulio katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Msafara wa Malta ulipewa manowari 27 kulinda meli 9, nao wa Kilindini ukapewa 3 kulinda meli 5. Hesabu hiyo ndiyo iliyowagharimu maisha vijana waliopita nyika ya Kambu kwa gari moshi na wasirudi.