Jim Corbett: Msasi aliyeijua thamani ya bunduki njema

KATIKA makaburi ya Kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Petro mjini Nyeri amezikwa msasi ambaye jina lake huvuma zaidi nchini India kuliko huku alikofia. Ni Edward James Corbett, maarufu kama Jim, aliyeaga dunia Aprili 19, 1955 akiwa na umri wa miaka 79.

Wengi humkumbuka kwa simbamarara na chui wala watu aliowaua. Hata hivyo, maisha yake yana funzo jingine: risasi iliyofyatuliwa ovyo huweza kuangamiza watu miaka mingi baada ya aliyeifyatua kurejea nyumbani na kuisahau.

Corbett alizaliwa Julai 25, 1875 katika mji wa Naini Tal, kwenye vilima vya Himalaya, kaskazini mwa India. Babake, aliyekuwa mkuu wa posta mjini humo, alifariki Jim angali na umri wa miaka mitano. Wakati wa baridi, familia hiyo ilihamia Kaladhungi, chini ya milima, na msitu wa huko ukawa shule yake ya pili.

Alianza kuwinda kwa manati, kisha upinde, hatimaye gobore kuukuu la mitutu miwili. Mtutu mmoja ulikuwa umepasuka na kitako kilishikizwa kwa waya. Kwa kuwa gobore hushindiliwa baruti upya kila linapolia, kijana huyo alijifunza mapema kunyata hadi karibu na ndege aliyemtaka, na kutopoteza hata chembe moja. Akiwa na umri wa miaka 10 aliazimwa raifali ya Martini, inayopakia risasi moja tu kwa wakati, na kwayo akamuua chui wake wa kwanza.

Ukubwani aliajiriwa na shirika la reli, akasimamia upakuaji na upakiaji wa mizigo huko Mokameh Ghat, kando ya mto Ganges, kwa zaidi ya miaka 20. Ni katika kipindi hicho, mwaka wa 1907, alipoitwa kumsaka simbamarara jike wa Champawat, aliyekadiriwa kuua watu 436 nchini Nepal na katika eneo la Kumaon.

Siku ya mwisho ya msako huo, Corbett alikuwa na risasi tatu pekee. Zilipokwisha mnyama akiwa bado hai, alilazimika kutwaa bunduki chakavu ya afisa wa serikali aliyefuatana naye. Alilenga kinywa, risasi ikapiga mguu wa mbele. Kwa bahati njema, mnyama huyo alikuwa amekwisha kulemewa na majeraha ya awali, akafa.

Alipomkagua, Corbett aligundua kiini cha balaa. Meno mawili ya upande wa kulia, la juu na la chini, yalikuwa yamevunjwa na risasi ya zamani. Asiyejulikana alimjeruhi na kumwacha, naye aliposhindwa kukamata mawindo yake ya kawaida akageukia binadamu.

Kwa kazi hiyo, Gavana Sir John Hewett alimtunuku raifali ya kampuni ya Rigby ya London, yenye bamba la fedha kwenye kitako. Ilikuwa bunduki ya komeo, iliyofuata muundo wa Mauser wa Ujerumani, ya risasi za milimita 7.

Kwa macho ya wawindaji wengi, risasi hiyo ilikuwa ndogo mno kwa simbamarara. Corbett hakuidharau. Raifali hiyo ilikuwa nyepesi, hivyo aliweza kuibeba kutwa nzima milimani bila mkono kuchoka. Tena ilikuwa na shabaha ya kuaminika. Penye vichaka vizito, ambako risasi ya pili ilihitajika papo hapo, aliweza kuchukua raifali yake nzito ya mitutu miwili.

Kwa ile nyepesi alimuua chui wa Rudraprayag mnamo Mei 1926, aliyekuwa amewala watu 125. Mwaka wa 1930, alipokabiliana ana kwa ana na simbamarara wa Chowgarh, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika mayai ya ndege. Aliigeuza raifali polepole kwa mkono mmoja, akafyatua. Bunduki nzito isingemruhusu.

Kadiri miaka ilivyosonga, Corbett alipendelea kamera kuliko bunduki. Alipigania uhifadhi, na mnamo 1936 ikaanzishwa mbuga ya kwanza ya kitaifa nchini India, ambayo baada ya kifo chake ilipewa jina lake.

Mwishoni mwa 1947 alihamia Kenya pamoja na dadake, Maggie, wakaishi Nyeri katika nyumba iliyojengewa Baden-Powell, mwasisi wa maskauti. Mnamo Februari 1952 alikuwa Treetops usiku ambao Elizabeth alirithi ufalme wa Uingereza.

Raifali yake ilinunuliwa tena na kampuni ya Rigby mnamo 2015, na mwaka uliofuata ikapelekwa India kwa ziara. Bunduki iliyovunja meno ya simbamarara wa Champawat haikuhifadhiwa na yeyote, wala mwenyewe hakupata kujua alichokianzisha.